Seli T na Antijeni Ngeni: Maelezo ya Istilahi Chache za Kinga

Ni nadra katika kazi yetu ya istilahi neno kuturudia likiwa limeshikwa mkononi na mtu ambaye uhai wake unalitegemea. Jambo hilo lilitufika pale mzee mmoja, mkazi wa Kariakoo na mchuuzi wa samaki katika soko la Feri, Magogoni, alipoingia ofisini akiwa na kijikaratasi kilichokunjwa mara nne. Mzee huyo alikuwa amepandikizwa figo aliyopewa na dada yake wa tumbo moja. Kijikaratasi alikipata katika hospitali moja ambayo hatuna haja ya kuitaja, nacho kilimwagiza ameze kila siku, kwa maisha yake yote, "dawa za kushusha kinga". Chini yake palikuwa na sentensi iliyoeleza kwamba dawa hizo huuzuia mwili usiishambulie "figo ngeni".

"Wanangu," alituuliza, "miaka yote tumeambiwa kwamba kinga ikishuka mtu hufa. Leo nashushiwa kinga kwa dawa. Na hii figo ni ya dada yangu, tumenyonya ziwa moja. Ugeni wake umetoka wapi? Nani kakosea, daktari au aliyefasiri?"

Ikatubainikia kwamba tangu siku mbili alikuwa ameacha vidonge akingoja jibu. Tulichofanya kwanza ni kumsindikiza kwa daktari wake siku ileile, maana hilo halikuwa suala la lugha. Lakini maswali yake mawili yalikuwa ya lugha kabisa, na hatukuwa na jibu lililotengenezwa. Maneno yale hatukuyasanifu sisi. Ila hatukuwa tumempatia mfasiri maneno yaliyo bora zaidi, na hilo nalo ni kosa la namna yake. Makala haya yanaeleza jambo lenyewe jinsi lilivyo katika elimu ya viumbe, kisha yanaeleza maneno tunayoyapendekeza na sababu zake.

Tuanze na neno kinga. Neno hili ni la zamani, nalo lilitumika kwa ngao, kwa kingo ya mvua, kwa hirizi na kwa chochote kizuiacho baya lisimfike mtu. Lilichukuliwa na waganga wa hospitali kwa maana ya uwezo wa mwili kupambana na maradhi, na pengine lingebaki katika vitabu vya shule tu laiti usingezuka ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini Tanzania mwaka 1983, mkoani Kagera. Ugonjwa huo ulipopewa jina la Kiswahili, UKIMWI, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini (baadaye "upungufu" badala ya "ukosefu"), neno kinga liliingia kila nyumba. Twaweza kusema bila kujisifu kwamba katika lugha za Afrika ni chache zilizoupatia ugonjwa ule jina la kitaalamu lililoenea kwa wananchi kwa kasi kama hiyo. Lakini mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Pamoja na neno kinga yalienea maneno "kinga imeshuka" na "CD4 zimeshuka", hata leo mtu yeyote wa Kariakoo akisikia kitenzi kushuka karibu na neno kinga, huwaza mauti. Mfasiri aliyeandika "dawa za kushusha kinga" hakukosea maana. Alikosea kusikia.

Sasa hizo CD4 ni nini? Wengi hudhani ni jina la chembechembe. Kwa hakika CD4 ni protini iliyo juu ya ngozi ya baadhi ya seli nyeupe za damu ziitwazo seli T, na virusi vya UKIMWI huitumia protini hiyo kama ndoana ya kujishikiza ili viingie ndani. Mtu asiye mgonjwa huwa na seli hizo mia kadhaa au zaidi ya elfu katika milimita moja ya ujazo ya damu. Zikipungua chini ya 200, maradhi madogo yaliyokuwa yakizuiwa hugeuka kuwa makubwa. Kuna na seli T nyingine zenye protini iitwayo CD8, ambazo kazi yake ni kuziua seli za mwili zilizoingiliwa na virusi. Zile za CD4 huamrisha na kusaidia. Zile za CD8 huua. Herufi T imetokana na thaimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo, ambayo kazi yake haikujulikana mpaka mwaka 1961, Jacques Miller alipoonyesha huko London kwamba panya wachanga waliotolewa tezi hiyo hukosa kinga na hushindwa kuikataa ngozi ya panya wengine.

Neno seli tulilikuta likishindana na chembe na chembechembe. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ilisaidia kuliimarisha, nasi hatuoni sababu ya kurudi nyuma, maana chembe ni ya mchanga na ya mtama pia. Antijeni nayo tumeikubali kwa umbo lake la mkopo: ni kitu chochote ambacho seli za kinga zaweza kukitambua.

Kutambua ndiko penye kiini cha swali la mzee wetu. Seli T huutambuaje ugeni?

Watu wengi, na vitabu vingi vya shule, huzieleza seli hizi kuwa ni askari walindao lango la mwili. Mfano huo una ubaya wake. Askari wa lango humwona mtu mzima, akamtazama uso na mavazi, akamwuliza atokako. Seli T haioni kitu kizima hata kidogo. Haimwoni mdudu wa malaria, haioni kirusi, haioni figo. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli upo Kariakoo kwa wafanyabiashara wa nafaka. Mnunuzi hafungui gunia; huchoma bambo ubavuni mwa gunia, akavuta punje chache za mchele kutoka ndani, akazimimina katika kiganja na kuzitazama. Kwa punje hizo tu huamua juu ya gunia zima.

Kila seli ya mwili yenye kiini hujichoma bambo yenyewe mchana na usiku. Protini zake zilizochakaa hukatwakatwa ndani, na vipande vyake vidogo, viitwavyo peptidi, vya asidi amino 8 hadi 10 hivi, hupandishwa juu ya ngozi ya seli vikiwa vimelazwa katika kijibonde cha molekuli maalumu. Molekuli hizo kwa binadamu huitwa HLA, na kijibonde chake ndicho kiganja cha mnunuzi. Aina ya pili ya HLA, ambayo kwa kawaida huwa juu ya seli za kinga zenyewe, huonyesha vipande virefu kidogo vilivyotokana na vitu vilivyomezwa kutoka nje. Aina ya kwanza husomwa na seli T za CD8, ya pili na zile za CD4. Seli iliyo nzima huonyesha peptidi za mwili tu. Seli iliyoingiwa na kirusi huonyesha peptidi za mwili kwa maelfu na baina yake chache za kirusi.

Jambo hili, kwamba seli T husoma kipande pamoja na kiganja na wala si kipande peke yake, liligunduliwa mwaka 1974 huko Canberra, Australia, na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty. Walikuta kwamba seli T zilizotolewa kwa panya aliyeugua virusi fulani huziua seli zenye virusi vilevile za panya wa ukoo mmoja naye, lakini haziziui za panya wa ukoo mwingine, ingawa virusi ni haohao. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Inafaa msomaji aliweke jambo hili akilini, maana litarudi tutakapofika kwenye figo ya dada.

Chombo cha kusomea kiko juu ya ngozi ya seli T, nacho tumekiita kipokezi. Neno hili lina dosari, nasi tunaikiri: hudokeza kwamba kuna kitu kinachopokewa na kuingizwa ndani, ilhali hapa hakuna kiingiacho, kuna kugusana tu. Tuliliacha kwa kuwa limekwisha kuzoeleka katika maelezo ya homoni na mishipa ya fahamu, na kuwa na maneno mawili kwa kazi zinazofanana ni kumwongezea mwanafunzi mzigo. Jeni za kipokezi cha seli T zilipatikana mwaka 1984 katika maabara za Mark Davis huko Marekani na Tak Mak huko Kanada. Kila seli T hujitengenezea kipokezi chake kwa kuchanganya vipande vya jeni kwa bahati nasibu, hata viwezekanavyo kutengenezwa huzidi idadi ya seli zote za mwili. Kwa kuwa ni bahati nasibu, baadhi ya vipokezi lazima vitokee vyenye kuushika mwili wenyewe.

Ndiyo maana pana mafunzo katika thaimasi. Seli changa hutoka katika uboho zikaingia huko kama vijana waingiavyo jandoni, na nyingi hazitoki. Seli ambayo kipokezi chake hakiwezi hata kidogo kuzigusa HLA za mwili huo huachwa ife, maana haina kazi. Seli ambayo kipokezi chake huzishika mno peptidi za mwili nayo mara nyingi huamriwa ife, maana ni hatari. Hubaki zile zigusazo kwa ulegevu: kati ya 100 ziingiazo, hazifiki 5 zitokazo. Kuna hata jeni, iitwayo AIRE, iwezeshayo seli za thaimasi kuonyesha protini za viungo vingine, kwa mfano insulini ya kongosho, ili seli T zijaribiwe nazo kabla ya kutoka. Watu waliozaliwa na hitilafu katika jeni hiyo hushambuliwa na seli zao wenyewe katika tezi nyingi. Mchujo huo wa awali wa kuishi na ule wa pili wa kufa tumeuita kwa pamoja mchujo wa thaimasi. Wenzetu wamependekeza "uteuzi chanya" na "uteuzi hasi", maneno ambayo masikioni petu yananukia hesabu za darasani.

Msomaji makini atakuwa ameona shida. Ikiwa zinazosalia ni zile ziugusazo mwili kwa ulegevu, basi kila seli T itembeayo katika damu hugusa peptidi za mwili muda wote. Kwa nini haziwaki? Na peptidi ngeni, ambazo huenda zikawa kumi tu baina ya makumi ya maelfu, huzitambuaje?

Jibu liko katika muda. Mila yetu ya kubisha hodi yaweza kutusaidia. Mgeni wa kweli hubisha hodi mara tatu. Kwa hodi ya kwanza mwenye nyumba huacha alichokuwa akifanya. Kwa ya pili huinuka. Kwa ya tatu hufungua mlango. Mtoto wa jirani apigaye hodi moja na kukimbia hafunguliwi, maana mwenye nyumba akishasikia kimya huketi tena. Kipokezi cha seli T hufanya vivyo hivyo. Kinapogusana na peptidi iliyo katika HLA, kimeng'enya kiitwacho Lck, kinachoandamana na CD4 au CD8, huanza kubandika fosfati katika mikia ya protini ziandamanazo na kipokezi upande wa ndani. Mikia hiyo ikishabandikwa, kimeng'enya cha pili, ZAP-70, huja kujishikiza hapo. Nacho lazima kiamshwe kwa fosfati. Kisha nacho hubandika fosfati katika protini ya tatu ambayo ni kama jukwaa la kukutanikia nyingine. Kila hatua huchukua muda wake. Peptidi ya mwili kwa kawaida huachia mapema, mara nyingi hata sekunde moja haijatimia, na papo hapo vimeng'enya vingine huzibandua fosfati zote: mwenye nyumba ameketi. Peptidi ngeni iliyooana na kipokezi hushika kwa sekunde kadhaa, hatua zote zikatimia, na mlango ukafunguka. Nadharia hii ililetwa katika elimu ya seli T na Timothy McKeithan mwaka 1995, na majaribio ya baadaye yameiunga mkono kwa sehemu kubwa, ingawa wataalamu wangali wanabishana juu ya hatua ipi iliyo nzito kuliko nyingine.

Yaani seli T haina orodha ya wageni. Haijui jina la mdudu wala la kirusi. Hupima tu muda wa kushikana, na kwa kuwa wote waushikao mwili kwa muda mrefu walikwisha chujwa katika thaimasi, kilichobaki kushikwa kwa muda mrefu ni, kwa sehemu kubwa, kigeni.

Kwa mlolongo huo wa hatua tulitafuta neno muda mrefu. "Upitishaji ishara" lilikuwa la kwanza, nalo ni sahihi lakini baridi. Siku tulipokuwa Magogoni (tutaieleza ziara hiyo hapa chini) tuliwatazama wachukuzi wakishusha samaki chomboni: mmoja majini mpaka kiunoni, wa pili ufukoni, wa tatu juu, tenga likipita mkono kwa mkono, na mmoja akichelewa wote husimama. Kazi hiyo kila mtu pale huiita kupokezana. Hivyo tunapendekeza mpokezano wa ishara, neno lililo ndugu wa kipokezi kwa mzizi na lioneshalo kwamba ishara haisafiri peke yake bali hukabidhiwa.

Mlango ukishafunguka, kalisi humiminika ndani ya seli. Kalisi huamsha kimeng'enya kiitwacho kalsinurini, nacho hubandua fosfati katika protini ambayo hapo huweza kuingia katika kiini cha seli na kuziwasha jeni za vita. Seli moja hugawanyika ikawa mbili, nne, nane, hata maelfu. Lakini hata hapo pana sharti: seli iliyoonyesha peptidi lazima itoe ishara ya pili kupitia protini nyingine, ishara ambayo hutolewa hasa pale palipo na maambukizo au jeraha. Seli T iliyopata ishara ya kwanza bila ya pili hupoa na kulala. Aidha, wapo walinzi wa walinzi, seli T dhibiti, ambazo huzinyamazisha zile zilizoponyoka mchujo wa thaimasi. Kwa ugunduzi juu yake Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Kabla ya kurudi kwa mzee, twende kando kidogo. Hatua chache kutoka soko la Feri, kando ya bahari, ipo hospitali ya Ocean Road iliyofunguliwa mwaka 1897 katika utawala wa Wajerumani, na Robert Koch alifanya utafiti Dar es Salaam mwaka huo na uliofuata. Miaka michache nyuma, mwaka 1890, Koch alikuwa ametangaza tuberkulini akidhani ni dawa ya kifua kikuu. Dawa haikuwa, lakini ngozi ya mtu aliyewahi kuambukizwa ilivimba ilipodungwa, na kipimo hicho kimetumika kwa zaidi ya karne moja. Uvimbe ule ni kazi ya seli T zinazoitambua peptidi zilizokwisha kuijua. Koch alikuwa akiziona seli T zikifanya kazi bila kujua kwamba zipo.

Nasi katika mji huohuo tumewahi kuzipima kwa makusudi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kwa ushirikiano na watafiti wa Sweden, kilianza jaribio la chanjo ya virusi vya UKIMWI lililoitwa HIVIS03 kwa watu 60 wa kujitolea wasio na maambukizo, wakiwemo askari polisi wa Dar es Salaam. Chanjo ilikuwa na vipande vya jeni za virusi, si virusi vyenyewe, na seli T za waliochanjwa ziliitika vizuri sana. Hilo halikuwa na maana kwamba wamekingwa, na mpaka leo hakuna chanjo ya ugonjwa huo iliyothibitishwa kufaa. Kwa ofisa wa istilahi jaribio hilo lina fundisho jingine: baadhi ya waliochanjwa waweza kuonekana "wana majibu" katika vipimo vya kawaida vya damu, kwa kuwa mwili wao umetengeneza kingamwili, hali hawana kirusi hata kimoja. Asiyetofautisha kingamwili, kinga na maambukizo aweza kuvunja ndoa ya mtu kwa neno moja.

Sasa figo. Nchini Tanzania figo ilipandikizwa kwa mara ya kwanza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mnamo Novemba 2017, kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ikaanza. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Ndiyo kusema kwamba maneno ya kazi hii ni machanga kwetu kuliko kazi yenyewe ilivyo duniani, maana figo ya kwanza iliyodumu ilipandikizwa Boston mwaka 1954, baina ya mapacha wa kufanana.

Mapacha wa kufanana ndio ufunguo wa swali la pili la mzee. HLA za watu hutofautiana mno. Aina zilizokwisha kuorodheshwa ulimwenguni ni makumi ya maelfu. Kila mtu hurithi fungu moja kwa baba na fungu moja kwa mama. Kwa hiyo ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja katika nne ya kulingana kabisa, mbili katika nne ya kulingana nusu, na moja katika nne ya kutolingana kabisa, kama kwamba hawakuwahi kulala tumbo moja. Figo ya dada huja na viganja vyake yenyewe. Seli T za kaka zilichujwa kwa viganja vya kaka; hazikuwahi kujaribiwa kwa vile vya dada. Nyingi ajabu kati yake huvishika kwa muda mrefu, hodi tatu zikatimia, na mwili ukaanza kuishambulia figo ambayo haina ugonjwa wowote. Hata wanaolingana HLA zote hutofautiana katika protini nyingine ndogondogo, na wao pia huhitaji dawa. Mapacha wa kufanana pekee ndio waliosamehewa.

Dawa zenyewe, saiklosporini na takrolimasi, huingia katika mpokezano tuliousimulia. Saiklosporini ilitoka katika kuvu wa udongo wa Norway, na uwezo wake juu ya kinga uligunduliwa Basel, Uswisi, mwaka 1972. Takrolimasi ilitoka katika bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, mwaka 1984. Zote mbili huikamata kalsinurini. Kipokezi hushika, fosfati hubandikwa, kalisi humiminika, lakini tenga halimfikii mtu wa mwisho, na jeni za vita haziwashwi. Seli T hazifi wala idadi yake haishuki kama ishukavyo katika UKIMWI. Mtu akiacha vidonge, dawa huisha mwilini baada ya muda mfupi na mpokezano huanza tena mahali ulipokatikia. Hapo ndipo penye hatari ya kungoja jibu la Baraza kwa siku mbili.

Basi tulikwenda Magogoni asubuhi moja na maneno matatu katika daftari, "kushusha kinga", "kutuliza kinga" na "kulegeza kinga", tukayasema mbele ya watu wa Feri bila kueleza ni ya nini, tukawauliza wayaelewaje. La kwanza lilileta yale tuliyoyatarajia. Kijana mmoja aliyekuwa akipaa changu aliuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeathirika. La pili tulilipenda sisi, kwa upole wake. Lakini mama mmoja mkaanga samaki alilitupilia mbali: "Kutuliza ni maumivu. Yakishatulia, mtu haachi dawa?" Hatukuwa na la kumjibu. La tatu lilipata nahodha wa kulitetea. Kamba ya tanga, alisema, hailegezwi kwa sababu ni mbovu. Hulegezwa kwa sababu upepo ni mwingi kuliko chombo kinavyohitaji, na anayeilegeza huwa ameishika mkononi muda wote, maana akiiachia tanga hupeperuka, na akiikaza mno chombo hulala ubavu.

Hatujawahi kupata fasili bora kutoka kwa mtu wa chuo. Kulegeza kinga huonyesha kwamba kinga ipo, kwamba imepunguzwa nguvu kwa kiasi na kwa makusudi, na kwamba pana mkono usiopaswa kuachia. Halifichi hatari pia: aliyelegezewa kinga huambukizwa kwa urahisi zaidi, naye sharti ajue. Tunapendekeza dawa za kulegeza kinga.

Neno ngeni lilitushinda kwa namna nyingine. Katika elimu ya kinga linahitajika, na antijeni ngeni ni istilahi iliyo wazi. Shida ni kinyume chake. Mfasiri mmoja aliandika "antijeni za nafsi", na wasomaji wakadhani inasemwa roho. "Antijeni mwenyeji" haifai, kwani mwenyeji amekwisha kutumika katika elimu ya vimelea kwa kiumbe kinachokaliwa na kimelea. "Antijeni ya mwilini" haifai vilevile, kwa kuwa hata kirusi kikishaingia kimo mwilini. Tumekubaliana juu ya antijeni ya mwili, bila kiambishi cha mahali, na tunawaomba wachapaji wasituongezee "-ni" hiyo kwa wema.

Lakini kwa mgonjwa hatuoni lazima ya neno ngeni hata kidogo. Ugeni wa HLA haupimi undugu. Hupima umbo la kijibonde. Katika Kiswahili mgeni ni mtu, tena mtu wa heshima, na mwenyeji hupona kwa kuja kwake. Mji wetu wenyewe umejaa maneno yaliyokuja kama wageni: Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wa vita vya kwanza vya dunia, na leo nani hukumbuka kwamba si la kwetu? Seli T haina ukarimu huo wala haiwezi kulaumiwa kwa kuukosa. Kwa hiyo katika vijikaratasi vya wagonjwa tunapendekeza iandikwe "figo uliyopandikizwa", na sababu ielezwe hivi: alama za seli za aliyekupa si sawasawa na alama za seli zako, hata akiwa ndugu yako wa damu.

Tulimpelekea mzee sentensi hizo penye meza yake sokoni, baina ya vibua na jodari. Alizisoma polepole, akatuomba tuongeze neno moja baada ya "hata akiwa ndugu yako wa damu": "na anakupenda". Tulimweleza kwamba hilo si la kitaalamu. Akasema dada yake hujua kusoma, na kijikaratasi kile hukaa juu ya kabati mahali anapokiona.

Mapendekezo haya, yaani mpokezano wa ishara, mchujo wa thaimasi, seli T dhibiti, antijeni ya mwili na antijeni ngeni, pamoja na kulegeza kinga, yatawekwa mbele ya kamati ya usanifishaji katika kikao chake kijacho. Wauguzi, matabibu na walimu wa biolojia wanaombwa watuletee maoni yao kabla ya hapo, hasa wale waliokwisha kusikia wagonjwa wakiyatumia maneno mengine. Neno la mzee tumeliandika pembezoni mwa rasimu, kwa penseli.